Chupa Nilizoziosha kwa Majivu

Vijana wangu, kama siku moja mtapewa kazi ya kuonja maji, msinywe mursik asubuhi hiyo. Maziwa yaliyolala kwenye kibuyu chenye mkaa hukaa kwenye ulimi mpaka saa sita ya mchana, na chochote utakachoonja kabla ya hapo kitakudanganya. Kula ugali mkavu, au usile kabisa. Sukutua mara tatu kwa maji unayoyajua, teme, ngoja kidogo, ndipo uonje yale usiyoyajua. Usimeze. Chumvi ya kawaida utaipata kwenye ncha ya ulimi. Magadi hayako hapo. Magadi hukaa nyuma, kando ya mataya, laini kama sabuni, na hayana haraka ya kuondoka.

Hayo nayajua vizuri. Mengine nitakayoandika hapa sina uhakika nayo vile. Mimi nilifika darasa la nne tu katika shule ya misheni upande wa Sosiot, na mwalimu wetu alitufundisha kuandika kila siku kitu kimoja tulichokiona. Wenzangu waliacha walipoacha shule. Mimi sikuacha, sijui kwa nini. Daftari zangu za miaka ya hamsini bado ziko, ingawa mbili zililowa na moja panya alikula pembe. Pale daftari iliponyamaza nitawaambia imenyamaza, nisije nikawapa maneno ya kujitungia.

Kazi yangu ilikuwa kwenye kikosi cha kuchimba visima vya serikali. Siku hizi naona mashine zinazozunguka na kumaliza kisima kwa siku mbili. Yetu haikuzunguka. Ilikuwa na mlingoti, na kamba ya waya, na mwisho wa kamba chuma kirefu kizito ambacho injini ilikiinua na kukiachilia, kikapiga mwamba, kikainuliwa tena. Kutwa nzima, du, du, du. Ukiweka kiganja chini hatua hamsini kutoka hapo ulisikia ardhi ikitetemeka. Baada ya kupiga kwa muda tulishusha ndoo nyembamba ya chuma, ndefu kuliko mtu, ikaleta matope ya mwamba uliosagwa. Siku nyingine tulishuka urefu wa mkono mmoja tu. Siku nyingine hata huo hatukuupata.

Fundi wetu alikuwa Ombati, Mkisii kutoka ng'ambo ya Chepilat. Siku ya kwanza nilipofika kikosini aliniuliza jina, nikamwambia Kiprono, akaniangalia juu mpaka chini. Akasema, "Nyinyi Wakipsigis mlizoea kuja kwetu kuchukua ng'ombe bila kuuliza. Sasa mimi nimekuja kwenu kuchukua maji, na nimeuliza. Umeona tofauti?" Wengine wakacheka, na mimi nikacheka nikiwa sijui kama nimetukanwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba Ombati alimtania mtu aliyempenda tu. Asiyempenda alimpa kazi bila neno.

Yeye ndiye aliyegundua kwamba ninaweza kuonja. Walikuwa wanabishana kuhusu ndoo moja ya maji, nikasema kwa sauti ndogo kwamba haya na ya jana si ya mahali pamoja. Akanijaribu kwa vikombe vitano akiwa amevichanganya nyuma ya lori. Nikavipanga sawa. Tangu siku hiyo jina langu likawa Ulimi, na Bwana Injinia, Mzungu aliyekuwa mkuu wa kikosi, akanikabidhi sanduku la chupa na dawa ya kupimia chumvi.

Nieleze dawa, maana hapo ndipo mambo yote yalipo. Ilikuwa katika kichupa cha rangi ya kahawia, imetengenezwa kwa madini ya fedha. Unaweka maji kwenye chupa safi ya kioo, unadondosha tone. Kama maji hayana chumvi, tone linapotea, hakuna kitu. Kama yana chumvi, linageuka wingu jeupe, linashuka polepole likijikunja kama moshi uliopinduliwa. Chumvi ikiwa nyingi, chupa yote inakuwa kama maziwa. Mara ya kwanza kuona nilirudi nyuma hatua moja. Maji yalikuwa angavu, nilikuwa nimeyaangalia mwenyewe kwenye jua, na ndani yake kulikuwa na kitu kilichojificha, na tone moja lilikiita kikatoka. Nimeiona mara elfu baada ya hapo na bado nilikuwa nashikilia pumzi. Dawa hiyo ikikugusa, kidole kinakuwa cheusi siku kadhaa. Kwa hiyo vidole vyangu viwili vilikuwa vyeusi miaka yote ile, na wasichana wa Roret walidhani nina ugonjwa.

Basi, kilima chenyewe. Kilikuwa upande wa chini wa Roret, unapoanza kuyaacha mashamba ya chai na kuteremka kwenye nchi ya ng'ombe. Chini ya kilima kulikuwa na chemchemi iliyoitwa Cheptarit, inayotoka kati ya mawe mawili bila kelele, na ukoo mzima wa kilima kile ulikunywa hapo. Aliyekaa karibu nayo zaidi alikuwa mama mzee, Tapnyolei, ambaye wote tulimwita Kogo, yaani nyanya. Hakuwa na cheo chochote juu ya ile chemchemi. Lakini mtoto akitia mguu ndani, sauti yake ilisikika mpaka kwenye mashine.

Serikali ilitaka kisima juu ya kilima, ili siku za kiangazi Cheptarit isibebe watu na ng'ombe peke yake. Hilo lilikuwa jambo jema, nasema hivyo kwa haki, maana baadaye wengine walisema tuliletwa kuharibu. Tulichimba tukakuta maji matamu si mbali sana. Ombati akasema yanatosha. Karatasi ya kazi ikasema tuendelee chini, huko kuna mengi zaidi. Bwana Injinia naye alikuwa na wakubwa wake. Tukaendelea.

Siku tulipotoboa, kamba ililegea ghafla na chuma kikashuka kama kimeingia kwenye uji. Ombati akazima injini. Tukasikia maji yakipanda ndani ya shimo. Sijui niwaelezeje sauti hiyo. Ni kama mtu anayevuta pumzi baada ya kukaa chini ya mto muda mrefu. Yalipanda na kupanda, mpaka yakafika chini kidogo tu ya mdomo wa bomba la chuma tuliloshusha shimoni, yakasimama hapo yakitikisika.  Maji yaliyokaa gizani tangu mwamba ulipopoa yalikuwa yamekuja kutuangalia.

Nikayaonja. Magadi na chumvi pamoja, mengi. Nikadondosha dawa na chupa ikawa maziwa.

Ng'ombe ndio waliofurahi. Mnajua, hapa kwetu ng'ombe hupelekwa mahali penye udongo wa chumvi kulamba, tunapaita ng'eny, na wazee huwa tayari kutembea siku nzima kwa ajili hiyo. Tulikuwa tumemwaga ndoo chache kwenye nyasi. Upepo ukachukua harufu, na kundi lililokuwa bondeni likainua vichwa kwa pamoja. Walipanda kile kilima mbio, wanalia, wakavunja uzio wetu, fahali mmoja akaanza kulamba mlingoti wa mashine. Wazee wakaja nyuma yao wakitweta na kucheka, wakatushika mikono mmoja mmoja. Mpishi wetu naye alifurahi kimyakimya, kwa sababu maharagwe yalilainika upesi kwa maji yale. Lakini chai ilitoka nyeusi kama dawa ya viatu, na ukitia maziwa inakuwa kijivu. Ombati alikiangalia kikombe chake akakimwaga.

Ndipo akaniita kando. Akachora kwenye udongo kwa kijiti. Akasema hapa juu kuna maji matamu, ndiyo yanayoteremka kwenda Cheptarit. Hapa chini kuna haya ya chumvi, yamefungiwa na mwamba, na yana nguvu. Sisi tumepitisha chuma chetu katikati. Bomba letu la chuma limefunika sehemu ya juu tu, na hata hapo halikubana vizuri.

"Ulimi, tumefungua mlango kati ya vyumba viwili," akasema, "na chumba cha chini ndicho chenye nguvu. Yule mama hapo bondeni hajui."

Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu. Kama chumvi ingepenya kwenye tabaka la juu, Cheptarit ingeharibika, na hakuna mtu angeweza kuirudisha.

Serikali wakati huo ilikuwa na fungu la pesa kwa ajili ya maji ya chumvi, ya kuyatibu yanyweke, au ya kuyazuia yasiguse matamu. Bwana Injinia aliandika kuomba. Alikuwa mtu mrefu mwenye haya, Kiswahili chake alikipata kwenye nchi kame za kaskazini. Jibu la kwanza lilileta vioo. Naomba msicheke mpaka nimalize. Ilikuwa ni masanduku mapana yenye kioo juu. Unatia maji ya chumvi ndani, jua linayachoma, mvuke unapanda, unagonga kioo, unateremka ukiwa maji matamu kwenye mfereji mdogo, chumvi inabaki chini. Asubuhi ya kwanza jua lilikuwa zuri, na nilipiga magoti nikaona matone yakitokea chini ya kioo, moja, jingine, yanaungana, yanateremka. Niliyaonja. Hayakuwa na ladha yoyote, hata ile ladha ya maji. Maji yalikuwa yamepanda yakaiacha chumvi nyuma kama mtu anayevua koti. Niliandika ukurasa mzima siku hiyo, na sijui kama niliandika kitu cha maana.

Lakini mvua ya upande huu mnaijua. Saa nane, saa tisa, ikaja, na siku iliyofuata ikaja tena. Juu ya vioo tulipata maji ya mvua mengi kuliko ndoo kumi za yale ya ndani. Kogo alipanda kuangalia, akazunguka masanduku yale, akauliza kama serikali haikuwa na habari kwamba maji hapa huanguka yenyewe. Kwa haki ya Bwana Injinia, kule alikofanya kazi awali vioo vilikuwa vimeokoa watu. Hakuwa mjinga. Alikuwa mgeni wa mawingu yetu.

Akaandika tena, akiomba simenti na bomba jipya: kuifunga chumvi isiguse tabaka la juu, kuiacha ipande ndani ya bomba peke yake, kisha iingie kwenye tangi, nusu ichemshwe kwa ajili ya zahanati na nusu iende kwenye hori la ng'ombe. Jibu likaja kwamba fungu ni dogo na maombi ni mengi, simenti itakwenda kwanza mahali ambapo maji matamu yameanza kuharibika. Je, Cheptarit imeanza kuharibika? Basi nikapewa kazi ya kuipima kila wiki.

Wiki ya kwanza, tone lilipotea. Ya pili, lilipotea. Ya tatu, ya nne, vivyo hivyo. Nilikuwa nafurahi na kuogopa kwa wakati mmoja, kwa maana kila tone lililopotea lilimaanisha kwamba Kogo yuko salama na kwamba simenti haiji.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Chupa zilikuwa zimechafuka. Matope ya mashine yalishika ndani kama rangi, na brashi tuliyopewa ilikuwa imekwisha. Nikafikiri jinsi mama alivyosafisha vibuyu. Vijana wa siku hizi mnanunua maziwa kwenye pakiti, hamjui, lakini hakuna kitu kinachotoa harufu na mafuta kama majivu ya kuni. Nikachukua majivu meupe jikoni, laini, nikatia kwenye kila chupa na maji kidogo na vijiwe, nikatikisa mpaka zikang'aa. Nikasuuza mara moja. Nikazipanga kwenye jua. Niliona fahari, nikawa naomba moyoni Bwana Injinia apite azione.

Nikateremka Cheptarit, nikachota, nikadondosha tone. Wingu likatokea. Dogo, hafifu, kama maji yaliyosuuza kibuyu cha maziwa, lakini lilikuwapo. Nikachota tena kwa chupa nyingine. Wingu. Ya tatu, wingu.

 Kuonja nilionja, na nitawaambia ukweli unaonitia aibu zaidi: ulimi wangu haukupata kitu. Ulimi ulisema maji ni mazima. Nikauambia unakosea, dawa ya Wazungu haiwezi kukosea. Nikapanda mbio kutoa habari.

Bwana Injinia aliandika siku ile ile. Na safari hii jibu halikukawia. Malori mawili yalikuja yakiteleza kwenye matope kutoka Kericho, yamebeba mifuko ya simenti na mabomba. Wazee waliimba. Kogo, aliyekuwa ameambiwa kwamba maji yake yameanza kuwa na chumvi, alikuwa hasemi na mtu. Alichota asubuhi akanusa, akachota jioni akanusa. Akaniuliza kama ni kosa lake, kwamba labda aliwahi kuwafukuza watoto kwa ukali mno pale chemchemini. Nikamwambia hapana. 

Siku mbili baada ya malori, mvua ilikuwa imesimama, nikaona maji yaliyotuama juu ya kioo kimoja. Sikuwa na shabaha yoyote. Labda nilitaka tu kuona tone likipotea, kwa sababu siku hizo lilikuwa halipotei tena. Nikachota maji ya mvua kwa chupa yangu safi, nikadondosha.

Wingu.

Nikakaa chini kwenye nyasi zilizolowa. Mvua haina chumvi, hata mimi wa darasa la nne nilijua hilo. Nikasuuza chupa ile mara kumi, nikachota mvua tena. Tone likapotea kama halikuwahi kuwapo. Majivu, watoto wangu. Majivu yana chumvi zake yenyewe, na mara moja ya kusuuza haitoshi. Cheptarit ilikuwa nzima. Simenti ile ilikuja kwa uongo wangu, ingawa sikujua ni uongo.

Nilimwambia Ombati kwanza. Nataka niyaandike maneno yake sawasawa, kwa sababu hakuwa mtu mbaya na hakusema kitu kibaya. Alisikiliza akiwa anapaka waya mafuta, hakuacha kupaka. Akauliza nani mwingine anajua. Hakuna. Akasema, "Kiprono." Siku hiyo hakuniita Ulimi. "Mlango uko wazi kweli. Hilo si uongo. Leo chumvi haijafika, mwakani itafika, na mwakani hakuna atakayekupa simenti. Ukinyamaza, umemwokoa yule mama. Ukisema, umejiokoa wewe."

Nikamuuliza, na kama kuna mahali pengine ambapo wingu ni la kweli, na simenti yao ndiyo hii?  Akasema hilo hajui.

Sikumdharau kwa ushauri ule, na mpaka leo sijui kama hakuwa na haki. Daftari ya siku hiyo ina mstari mmoja tu: "Nimezunguka kilima." Nakumbuka kweli nilikizunguka, mara mbili, na kila nilipopita upande wa chemchemi nilimwona Kogo akinusa kibuyu. Nadhani hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa anateswa na chumvi isiyokuwapo.

Nikaenda kwa Bwana Injinia na chupa mbili, moja ya majivu na moja iliyosuuzwa, na debe la maji ya mvua. Sikuweza kueleza, nikamwonyesha. Alitazama wingu kwenye ile ya kwanza. Alitazama tone likipotea kwenye ile ya pili. Akaketi juu ya mfuko wa simenti. Nilingoja anifukuze.

"Kwa hiyo ile maji ya mama iko mzima," akasema.

"Ndiyo, bwana."

"Mzima kabisa?"

"Kabisa. Hata ulimi ulikuwa umeniambia."

Akaiinua tena ile chupa ya pili. Kisha akasema kitu ambacho nimekikumbuka kuliko hotuba zote nilizosikia maishani: kwamba basi hatujachelewa. Akaenda kwenye hema lake akaandika kwamba kipimo kilikosewa, kwamba maji bado ni matamu, na kwamba anaomba simenti ibaki kwa sababu hiyo hiyo. Sikuisoma barua, nisingeielewa. Alinisomea kwa Kiswahili chake. Katika barua ile alisema kosa ni la kikosi. Jina langu halikuwamo.

Tukangoja, na simenti haipendi kungoja katika nchi ya mvua. Tuliiinua juu ya magogo, tukaifunika kwa maturubai, Ombati akaigeuza mifuko kila asubuhi akiikanda kwa ngumi kama mtu anayemwamsha mlevi. Jifunzeni hilo: mfuko ukianza kugonga badala ya kubonyea, umeupoteza. Tulipoteza kadhaa. Wazee walikuwa wamesikia habari, na mmoja wao aliniuliza mbele ya watu kama mama yangu hakunifunza kusuuza. Mwenzake akasema labda ule mdomo wangu usuuzwe pia, ili usitoe kila kitu. Walicheka, lakini si kicheko cha utani.

Siku ya kumi na kitu, sikuandika ni ya ngapi, mkubwa mmoja wa serikali alikuja mwenyewe kwa gari.  Alionja maji ya kisima, akatema. Akateremka mpaka Cheptarit akiwa amevaa viatu vizuri, akachota kwa kiganja, akanywa, akanywa tena. Alisimama pale akitazama jinsi maji yanavyotoka kati ya mawe, muda mrefu hata tukaanza kutazamana. Kisha akapanda, akakata shauri. Nusu ya simenti ibaki. Nusu nyingine na mabomba yaende mahali pengine ambapo watu wamekwisha kuanza kunywa chumvi.

Nusu ilitosha kuziba shimo tu. Hakukuwa na tangi, hakukuwa na maji ya zahanati, hakukuwa na hori. Wazee walipoteza ng'eny yao, waliyoipata mlangoni bila kutembea. Hayo niliyasababisha mimi, na wapo watu wa kilima kile waliokwenda makaburini wakiwa bado wananidai hori lile. Siwalaumu.

Nami niliondolewa kwenye chupa kwa muda, nikapewa koleo. Ilikuwa haki. Nilikoroga simenti na wengine, laini kama uji wa mgonjwa, na Ombati akaishusha kwa ile ndoo ndefu mpaka chini kabisa, akaifungua hukohuko, akairudisha tupu, akashusha tena. Simenti haimwagwi kutoka juu, maji yataichuja. Siku tatu tulipanda hivyo kutoka chini kuja juu. Kila mara Ombati aliweka sikio kwenye mdomo wa bomba akatuashiria tunyamaze, na watu wazima kumi na wawili tukasimama kimya juu ya kilima tukisikiliza shimo. Maji yale ya zamani yalikuwa yanarudishwa kulala. Mwanzo nilisikia kama kunung'unika. Halafu kidogo. Halafu nilisikia tu ndege, na mtu mmoja mbali akiita mbwa.

Mnaniuliza kama Cheptarit ingeharibika kweli tusingeziba. Sijui. Ombati alisema ndiyo. Bwana Injinia alisema inawezekana. Miaka mingi baadaye nilimwuliza kijana mmoja aliyesomea mambo ya miamba, akaniambia lazima vifanyike vipimo. Kazi hii ina taabu hiyo, kwamba ukiifanya vizuri hutaona kamwe kile ulichokizuia.

Siku ya kufungasha, mlingoti ulikuwa umelazwa na lori linapashwa moto, Kogo akapanda kilima. Alikuwa na debe la maji mgongoni kwa ukanda wa ngozi kwenye paji la uso, akalitua mbele yetu, akatuchotea sote kwa kibuyu kimoja, akianza na Ombati. Tulikunywa. Alikuwa anatusema wakati tunakunywa, kwa Kikipsigis, nami nilikuwa namtafsiria Ombati maneno mawili matatu. Alisema mmekaa hapa mvua mbili. Mmetetemesha nyumba yangu mpaka kuku wakaacha kutaga. Mmeleta vioo, mkaondoa vioo. Mmeleta simenti, mkaizika chini ambako hakuna anayeiona. Mmenitisha roho.

Kisha akanigeukia mimi.

"Na maji ni yale yale," akasema. "Yale yale niliyoyakuta nilipoolewa. Haya, mmefanya nini?"

Ombati akauliza anasema nini. Nikamwambia. Akafuta mdomo kwa mkono wenye grisi, akatazama chini kule bondeni.

"Ni yale yale, Kogo," nikamjibu.

Akaguna kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia kwa wavivu. Akainama, akaweka ukanda kwenye paji, nami nikamwinulia debe mgongoni, likiwa bado zito.